Mgeni Huyu Alipe Karo

Wazee wetu, akina mama wa sokoni, vijana wa stendi ya Nchiru kule Meru, na ninyi wanafunzi mliopanga vyumba nje ya lango la chuo, nawaandikia kutoka Uingereza.

Niende moja kwa moja kwenye lile swali lenu. Mmetaka kujua hawa vijana wa kizungu wanaochukua muhula mmoja wa mapumziko, wakaja Afrika makundi kwa makundi kusafiri na kujitolea, wakishuka Nchiru wapokewe kama nani. Wako wanaosema ni wafadhili. Wako wanaosema ni mafundi wa bure. Watu wa bodaboda wanasema ni watalii, kwa sababu mtalii hajui nauli ya kutoka hapo hadi Makutano. Jibu langu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu: wapokewe kama wanafunzi. Mwanafunzi hulipa karo, huketi akafundishwa, hutahiniwa, na akianguka hurudia. Hakabidhiwi jengo, hakabidhiwi darasa, wala hakabidhiwi mtoto wa mtu.

Kwanza muielewe biashara yenyewe, maana ukiwa Nchiru unaiona kwa upande wa mkia tu. Huku kijana hufika miaka kumi na minane, akamaliza shule, akapata nafasi chuo kikuu, halafu akatangaza kwamba amechoka. Sisi tukichoka katika umri huo tunapewa panga twende tukafyeke. Yeye hupewa kijitabu chenye picha ya jua likizama, watoto ishirini wanaocheka, na orodha ya bei. Waingereza hupenda mwaka mzima. Wamarekani wengi hutosheka na muhula. Programu ya muhula mmoja kutoka Marekani si ajabu kugharimu dola 10,000 na zaidi kwa kila kijana, na mara nyingi nauli ya ndege iko kando. Tupige hesabu ya kibandani. Dola moja tuiweke shilingi 130, hiyo inakuwa shilingi 1,300,000. Tuseme fundi wa mawe analipwa shilingi 1,500 kwa siku. Pesa ya kijana mmoja ingemweka fundi kazini siku zaidi ya 860. Kundi la vijana kumi na wawili lingemweka fundi huyo huyo kazini zaidi ya miaka 28 bila kupumzika hata Jumapili, na kabla hajastaafu angekuwa ameiunganisha Nchiru na Meru mjini kwa ukuta mmoja. Mnunuzi ni kijana, muuzaji ni wakala, na bidhaa inayouzwa, jamani, ni sisi: vumbi letu, watoto wetu na tabasamu zetu. Sioni ubaya wa kuuza. Ubaya ni kuuzwa na mwingine halafu ukaambiwa useme asante.

Ushahidi kwamba kazi yenyewe si kazi unatoka kwao wenyewe. Mwaka 2014 mwandishi wa Marekani, Pippa Biddle, alichapisha insha iliyosomwa pande nyingi za dunia kuhusu safari aliyofanya na wasichana wenzake wa shule kwenda Tanzania, kusaidia kujenga maktaba katika kituo cha watoto yatima. Mchana wasichana walipanga matofali. Usiku wanaume wa pale walibomoa kazi ya mchana wakaijenga upya iwe sawa, ili wageni wakiamka wasijue. Anayeshangaa hajawahi kusimama mjengoni. Fundi wetu hufunga uzi kutoka kona hadi kona, akaning'iniza timazi, akatandika saruji kwa mwiko, isiwe nyingi ikamwagika wala kidogo ikaacha tundu, akalaza jiwe, akaligonga kwa mpini mara mbili tatu, kisha akaweka pima maji juu yake na kukodolea jicho kile kiputo kidogo. Kiputo kikihama unene wa kucha, jiwe linang'olewa. Ujuzi huo ni zao la miaka ya kuwa mtu wa mkono, ya kubeba karai na kutukanwa. Wahenga waliosema mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakutaja mwiko wala timazi. Ukuta ule wa Tanzania ulijengwa mara mbili na kubomolewa mara moja, na kwenye vitabu vya wakala uliandikwa msaada.

Sasa geuzeni ramani. Tuseme wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hapo hapo Nchiru, wameamua kutumia muhula mmoja kuwasaidia Waingereza wa mji mdogo. Wana moyo safi, fulana za rangi moja na ngoma. Viza ya matembezi itawaruhusu kujitolea kwa siku zisizozidi 30 katika shirika la hisani lililosajiliwa, kwa hiyo muhula umekatika kabla ya kuanza. Wakitaka kukaa na watoto wa shule, wataulizwa cheti cha DBS, idara iliyoundwa mwaka 2012 kuchunguza kama mtu ana rekodi ya uhalifu. Wakitaka kujenga ukuta, wasimamizi wengi wa mijengo watadai kadi ya CSCS, ambayo haitoki bila mtihani wa afya na usalama. Na hata wakiomba tu kupaka rangi darasa, mwalimu mkuu atauliza ni bima gani italipa ngazi ikiteleza. Na wakiinua simu kuwapiga picha watoto wa chekechea uani, ili waitume Nchiru na maneno kwamba hawa wana kidogo lakini wana furaha, polisi watafika kabla picha haijamaliza kupakia.

Siwacheki Waingereza kwa hilo. Nawasifu. Wameamua kwamba mtoto wa mtu si kivutio, na kwamba jengo likimwangukia mwanafunzi halitauliza kama mjenzi alikuwa na nia njema. Kinachonichekesha ni kwamba kijana aliyelelewa katikati ya sheria hizo zote akitua Nairobi huzivua pamoja na sweta. Kuingia kwetu hakumsumbui: mfumo wa idhini ya kielektroniki ulipoanza Januari 2024 ada yake ilikuwa dola 30. Sheria ya Kenya nayo humtaka mgeni anayefanya kazi, hata ile ya kujitolea, awe na kibali. Lakini ni nani kwetu amewahi kumwona chifu akimsimamisha mzungu mwenye brashi ya rangi amwulize kibali? Tukimwona tunamwitia soda.

Darasani mambo yanachekesha zaidi, au yanaliza, kutegemea kama una mtoto aliyesomea ualimu. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 inasema asiyesajiliwa asifundishe. Kuna vijana wetu waliosoma miaka minne, wakasajiliwa, wakapewa namba, na namba hiyo wanaiweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo, kwa matumizi yanayokaribiana. Waliobahatika kuajiriwa kama walimu wanagenzi wa sekondari msingi walianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2024 waligoma, wakasema hiyo si pesa. Kwa hiyo mwalimu aliyehitimu anaandamana ili alipwe afundishe, na huku kijana ambaye hajahitimu chochote analipa ili afundishe. Mchumi anielezee. Na anafundisha nini? Mtoto anayefundishwa na kila kundi ule ule wimbo wa kichwa, mabega na magoti atamaliza shule ya msingi akiwa bingwa wa viungo vya mwili, hadi vidole vya miguu, na hesabu ya sehemu itamsubiri sekondari.

Haya si mageni hata kwa wazungu, na hapa ndipo hoja yangu ina mizizi. Shirika la VSO la Uingereza lilipoanza mwaka 1958 lilikuwa linatuma vijana wa miaka kumi na minane waliotoka shule jana. Halikukawia kugeuza mwendo: kufikia mapema miaka ya 1960 lilianza kutuma wahitimu wa vyuo, na baadaye likawa linatafuta watu wenye taaluma na uzoefu. Wamarekani walipounda Peace Corps mwaka 1961, moja ya makundi ya mwanzo kabisa lilikwenda Tanganyika, miezi michache kabla ya uhuru. Halikuwa kundi la kukumbatia watu. Lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa ajili ya barabara na ramani. Tanganyika ilikuwa maskini, lakini iliagiza wapima ardhi ikapata wapima ardhi. Kisha mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango wa ICS, ambapo kijana wa Kiingereza alifanya kazi bega kwa bega na kijana wa nchi mwenyeji, Kenya na Tanzania zikiwemo, kwa sababu walishang'amua kwamba asiye na mwenyeji hajui hata choo kiko upande gani. Mpango huo umekwisha. Biashara ya kuuza muhula kwa yeyote mwenye pesa ingalipo, na bado humtuma yule yule wa miaka kumi na minane ambaye VSO yenyewe ilikuja kumweka kando.

Neno juu ya watoto, na hapa sitanii. Wachunguzi wa vituo vya yatima katika nchi nyingi wamekuta kwamba watoto wengi wanaoishi humo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kinachowapeleka kituoni ni umaskini, na kinachokifanya kituo kisiwarudishe nyumbani mara nyingi ni mfadhili anayetaka kuwakuta pale akija. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Mtoto akipakatwa na Emily wiki tatu, kisha na Josh wiki tatu, kisha na Hannah, kila mmoja akiondoka na machozi na picha, anachojifunza ni kwamba wanaompenda huondoka. Hata kwa karo ya milioni, somo hilo lisiwe kwenye ratiba ya Nchiru.

Najua mtakayosema. La kwanza ni kwamba wanaleta pesa. Kweli wanaleta; lakini fuateni njia ya ile 1,300,000 kabla haijafika kwenu. Kuna ofisi ya wakala, matangazo, bima, mshahara wa kiongozi wa safari, hoteli ya siku za kwanza Nairobi, gari la kuvuta kwa magurudumu manne, na safari ya kuona ndovu mwishoni ili watulize nyoyo. Kinachobaki kikishuka Nchiru kinanunua maji ya chupa na kreti ya soda, na debe la rangi ya kupaka darasa. Sisemi pesa yao tuikatae. Ninachotaka ijulikane ni ya nini. Pesa ikiitwa msaada, anayetoa ndiye anayepanga, na anayepokea hana risiti ya kudai. Ikiitwa karo, mama anayelaza mgeni anajua usiku mmoja ni shilingi ngapi, mwalimu wa Kimeru anajua saa moja ni shilingi ngapi, na fundi anayekubali kumfanya kijana awe mtu wake wa mkono anajua atalipwa kwa kuvumilia.

La pili mtanitajia Hospitali ya Methodist ya Maua. Mtasema iliasisiwa na wamisionari wa Kimethodisti kutoka huku huku Uingereza, na wagonjwa wa Nyambene nzima ni mashahidi. Ndiyo, na wale walikuja wakiwa madaktari na wauguzi, wakakaa miaka, wakajifunza lugha ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Daktari akija na cheti, apokewe kama daktari. Mhandisi wa maji akija, apelekwe kwenye matangi ya maji ya Kianjai leo hii kabla hajabadili mawazo. Maneno yangu yanamhusu asiye na fani bado, na kutokuwa na fani katika umri ule si dhambi. Ndiyo sababu hasa ya mtu kuwa mwanafunzi.

La tatu ndilo gumu, nalo nalipa heshima yake. Mtasema kijana huyo leo hajui kitu, lakini akishaona maisha yetu moyo wake utabadilika, na kesho akiwa waziri au tajiri atatukumbuka. Kaunti yetu yenyewe ina mfano ambao wakala yeyote angeuuza ghali. Mwanamfalme William alipomaliza shule alichukua mwaka wa mapumziko, 2000 hadi 2001. Alikwenda Chile na kundi la vijana, akapigwa picha akisugua choo. Alifanya kibarua cha kukamua ng'ombe huku Uingereza. Na alikuja Kenya akakaa katika hifadhi ya Lewa, ambayo, kwa wasiojua mipaka, imo Meru. Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2005 akawa mlezi wa shirika la Tusk linalosaidia uhifadhi wa wanyama Afrika, na Oktoba 2010 akarudi na kumchumbia Kate huko Rutundu, mlimani kwetu. Kwa hiyo mapumziko yake yalizaa matunda. Lakini tazameni yalizaaje. Lewa hawakumpa kifaru amtibu. Walimweka karibu na watu waliojua kazi, akatazama, akauliza, akafundishwa. Alichokuja kukitoa baadaye kilitokana na alichojifunza, wala hakuna anayekumbuka kama siku zile alisaidia kitu chochote. Huo ni ushahidi wa upande wangu. Na tukitaka kuhesabiana, yeye alipata kwetu elimu, kazi ya hisani na mke. Sisi bado tunasubiri Mmeru wa kwanza kuruhusiwa kuchumbia kando ya bwawa la Windsor.

La nne mtalisema nikiwa sipo, ndiyo maana nalijibu sasa: kwamba mimi niliye ughaibuni, ninayekula kwao, nina uso gani wa kuwawekea masharti? Uso ninao, na umelipiwa. Mkenya anayekuja huku kusoma hulipa karo ya mgeni, ambayo ni mara kadhaa ya mshahara wa mwalimu wa kwetu kwa mwaka, na juu yake hulipa ada ya hospitali ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, kabla hajapiga chafya hata moja. Hakuna aliyetukaribisha tuje tuwafundishe Waingereza kupika mukimo. Na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Septemba 1959 Tom Mboya na wenzake walipopakia wanafunzi 81 kwenye ndege kwenda Marekani, hakuna aliyewasubiri New York na koleo awaambie wachimbe kisima Massachusetts. Wangari Maathai alipofuata mwaka 1960, alipelekwa Atchison, mji mdogo wa Kansas, akaketi darasani, akasoma biolojia, akafanya mitihani yote, akatunukiwa shahada mwaka 1964. Kansas ilimpokea kama mwanafunzi. Ilimfundisha, ikamtahini. Matokeo yake yaliota miti nchi nzima. Ninachokiomba kwa Emily na Josh ni heshima ile ile aliyopewa Wangari.

Basi afundishwe nini? Hapa Nchiru ina utajiri ambao hamjauwekea bei. Aanze asubuhi na jerikeni, na mwalimu wake awe mtoto wa darasa la tano, ambaye atamwonyesha jinsi ya kuibeba mgongoni kwa kamba ya kichwa bila kujimwagia. Apelekwe kikao cha kamati ya mradi wa maji, akae saa tatu akisikiliza watu wakizozana juu ya bomba la nusu inchi, akitoka aandike kurasa mbili: nani alisema nini, nani alinyamaza, na kwa nini aliyenyamaza ndiye aliyeshinda. Siku ya soko aende Kianjai na mia tano, anunue mboga za nyumba ya watu saba, na pesa ya nauli ibaki. Vijana wa Igembe wamwonyeshe mti wa miraa na namna vichipukizi vyekundu vinavyochumwa, vikapangwa kwa urefu, vikafungwa na kufunikwa kwa jani la mgomba visinyauke, kwa maana mzigo ukichelewa siku mbili tatu hauna bei tena. Akiwa Mwingereza aangalie kwa macho tu. Nchi yake ilipiga marufuku miraa Juni 2014, na sitaki mtoto wa watu akamatwe Heathrow kwa sababu ya jani la kumbukumbu. Wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao yako hapo hapo Nchiru, wakikubali, wamwelezee jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba unavyomalizwa bila wakili. Elimu hiyo huku kwao ingekuwa shahada ya uzamili. Mjengoni pia aende, lakini abebe karai, asikilize, na atukanwe kwa kiasi kama mwanagenzi mwingine yeyote.

Mtihani utungwe na akina mama, maana hao hawapokei hongo ya tabasamu. Sehemu ya kwanza ni kuwasalimu watu wa nyumba nzima kwa Kimeru kwa kufuata umri, bila kusoma mkononi. Ya pili ni kuwasha jiko la kuni siku ya mvua. Ya tatu ni ya kueleza: toa sababu tatu kwa nini mwenye nyumba hajajenga choo kipya, na jibu la "hajui umuhimu wake" lipewe sifuri. Atakayefaulu apewe cheti chenye muhuri, akaweke kwenye wasifu wake pale alipokuwa aandike kwamba alijenga shule Afrika. Atakayeanguka arudie kwa karo mpya.

Asidanganywe mtu kwamba wageni hawatakuja wakiambiwa ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko jimbo la New York, kimekuwa kikileta wanafunzi Kenya kwa muhula mmoja tangu mwaka 1974. Wana makao yao Nairobi, wanafundishwa Kiswahili, wanalala katika nyumba za watu mjini na vijijini, na chuo hukitambua kile walichosoma kama masomo, si kama msaada waliotupa. Nusu karne wamelipa ili wafundishwe na Wakenya. Tena Nchiru si porini. Wazee wetu wa Njuri Ncheke walitoa ardhi kwa ajili ya chuo cha ufundi. Chuo kikawa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka 2008, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mahali palipotoa ardhi ili watu wafundishwe, itakuwaje mgeni aje kufundisha bila kuulizwa vyeti? Kozi fupi ya muhula mmoja, yenye mwalimu wa chuo upande mmoja na mama mwenye nyumba upande mwingine, haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari la risiti.

Kwa hiyo wakala akipiga simu, msimwambie karibu kwanza. Mwambieni alete kwa maandishi vibali vya vijana wake, barua ya polisi ya nchi yao kwa kila mmoja, na ratiba ambayo haina kituo cha watoto wala ukuta. Ada ya wenyeji, ya walimu na ya fundi iingie M-Pesa ya kikundi siku kumi na nne kabla ya gari kuondoka Nairobi. Ahadi ya kwamba italetwa na kiongozi wa safari ndani ya bahasha msiikubali. Katibu wa kikundi awe mwanamke, na daftari lisomwe mbele ya watu kila Jumamosi. Wakala akikataa masharti hayo, barabara ya lami haiishii Nchiru. Inaendelea hadi Maua, mwacheni apite.